Muulize Fundi: Taa ya tairi inawaka alfajiri, jua likitoka inazima

Julai hii baridi imewaletea watu wengi taa ya manjano ya upepo wa tairi kwenye dashibodi, na barua zimejaa swali moja limeulizwa kwa njia tofauti tofauti. Nimechukua tano.

Swali: Habari ya kazi Fundi. Nakaa Ruaka. Wiki mbili sasa nikiwasha gari saa kumi na moja alfajiri inawaka ile taa iko kama bakuli na alama ya mshangao ndani, nashuka na Limuru Road, nikikaribia Museum Hill inazima yenyewe. Jioni iko sawa kabisa. Fundi wa mtaani ameniambia ati sensa zimekufa zote nne nibadilishe. Nitoe pesa ama niache? – *Msomaji, Ruaka*

Jibu: Mzee, usitoe hata shilingi. Sensa zako, zile zinaangalia upepo wa tairi, ziko hai na zinakuambia ukweli.

Iko hivi, upepo ukipoa unajikunja na ukipata joto unatanuka, na kwa tairi ya gari ndogo hesabu ni karibu psi 1 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) kwa kila digrii 6 za joto. Sasa jioni umetoka kazini tairi imezunguka imepata joto, ukalala, Ruaka usiku wa Julai unajua venye huwa, alfajiri ile tairi imepoteza psi 4 ama 5 na hakuna mahali inavuja. Ukianza kuendesha mpira unajipinda, unapata joto, presha inapanda, taa inazima.

Lakini hapo ndipo watu wengi wanakosea, wanasema basi ni baridi tu, wacha niendelee. Hapana. Baridi peke yake haiwezi kuwasha hiyo taa kama tairi zilikuwa zimejaa vizuri. Fungua mlango wa dereva uangalie stika kwenye nguzo, utaona namba, kwa gari nyingi ni kama 230 kPa ambayo ni psi 33. Sheria ya Marekani inataka taa iwake presha ikishuka robo nzima chini ya hiyo namba, Ulaya wanasema asilimia 20. Robo ya 33 ni 8 na kitu. Kwa hivyo taa ikikuwakia alfajiri tairi yako moja ama zaidi iko kwa 25 au 26, na ilikuwa 29 ama 30 siku nyingi bila mtu kukuambia kitu, manake kutoka 33 mpaka 26 taa inakaa kimya kabisa. Tairi nzima isiyo na pancha inapoteza psi 1 ama 2 kila mwezi, hesabu mwenyewe ni miezi mingapi hujapima.

Jaza asubuhi kabla tairi hazijapata joto, kituo kilicho karibu na nyumbani. Na tafadhali usijaze kwa ile namba iko kwenye ubavu wa tairi, hiyo ni ya juu kabisa tairi inaweza kubeba, namba yako iko mlangoni. Ukipima tairi ikiwa moto ukute 37 pia usitoe upepo, ikipoa itarudi mahali pake.

Swali: Fundi shikamoo. Nina Golf ya 2016 ilitoka Uingereza. Dashibodi haionyeshi presha ya kila tairi, inaonyesha taa tu, na kuna mahali pa kubonyeza SET. Nimeuliza watu watatu nimepata majibu matatu. Hiyo kitu inapima nini haswa, na naweza kuitegemea nikienda safari na familia? – *Mama wa watoto wawili, Kasarani*

Jibu: Marahaba mama. Hili swali nalipenda na nitalikalia, manake lilinipata mimi mwenyewe.

Kuna mifumo miwili. Wa kwanza kila gurudumu lina sensa ndani, imefungwa nyuma ya valvu, ina betri yake ndogo na inarusha namba kwa redio mpaka kwa kompyuta ya gari. Huo unapima presha yenyewe. Golf yako haina hiyo. Yako inatumia sensa za ABS, zile zinahesabu gurudumu linazunguka mara ngapi ili breki zisikwame. Tairi ikipungua upepo inakaa chini kidogo, inakuwa kama imekuwa ndogo, na gurudumu dogo lazima lizunguke mara nyingi zaidi kumaliza kilomita ileile. Kompyuta inalinganisha magurudumu manne, ikiona moja linakimbia kuliko wenzake inasema hapa kuna shida. Zile mpya zinaskiza pia mtetemo wa tairi. Ni akili nzuri sana na hakuna betri ya kufa ndani ya gurudumu, lakini elewa kwamba gari haijui kama una 33 ama 23. Inajua tu kitu kimebadilika tangu siku ulibonyeza SET.

Ndio maana hiyo SET ni kitu ya kuheshimu. Ukibonyeza unaiambia gari, hivi zilivyo sasa ndivyo sawa. Desemba moja nilikuwa naenda Makueni na gari ya mfumo kama wako, nikapata pancha Mlolongo, kijana akaziba akajaza kwa kukisia, geji yake ilikuwa imevunjika kioo. Kilomita chache mbele taa ikawaka. Nilikuwa na haraka, nikasema ni kwa sababu gurudumu limetolewa na kurudishwa, nikabonyeza SET nikaendelea. Taa haikuwaka tena. Kabla ya Emali nikaanza kuhisi usukani unavuta kushoto, nikatoka barabarani, nikaweka kiganja kwenye tairi ya mbele kushoto nikakitoa haraka, ilikuwa inachoma. Watoto wangu walikuwa wamelala kiti cha nyuma. Emali fundi alipoitoa kwenye rimu akaniita nione, ndani kulikuwa na unga mweusi wa mpira kama majani ya chai, ungejaza kikombe, na ukuta wa tairi kwa ndani ulikuwa umejisaga mpaka nyuzi zinaonekana. Ukiitazama kwa nje ilikuwa tairi mpya. Ingebaki kidogo tu ipasuke na malori yanakuja mbele yetu.

Sensa hazikukosea siku hiyo, mimi ndio niliziambia kwamba tairi mbovu ni nzuri. Kwa hivyo SET inabonyezwa baada ya kupima zote nne na geji zikiwa baridi, siyo kunyamazisha taa. Halafu kuna udhaifu mwingine, tairi zote nne zikipungua pamoja polepole kwa miezi, mfumo wa kulinganisha unaweza usione kitu kwa sababu hakuna inayokimbia kuliko nyingine. Na ukitoka tu kubonyeza, gari inahitaji muda wa kuendeshwa ili ijifunze, siyo dakika moja.

Safari utaitegemea kama msaidizi ndiyo, lakini usiikabidhi watoto. Hata ule mfumo wa sensa ndani ya gurudumu, sheria ya Marekani inaupa mpaka dakika 20 kuwasha taa baada ya presha kushuka. Dakika 20 kwa mwendo wa 100 ni kilomita 33, hiyo ni kutoka katikati ya mji mpaka upite Athi River. Msumari mkubwa ama shimo lenye kingo kali halikupi dakika 20. Hizi taa ziliwekwa kwa ajili ya tairi inayopungua polepole, na sababu Wamarekani walizilazimisha ni ajali za Ford Explorer zenye tairi za Firestone, zaidi ya watu 200 walikufa, sheria ikapita mwaka wa 2000 na kufikia 2007 magari madogo yote mapya kule yakawa lazima yawe nayo. Ulaya gari zote mpya ni tangu Novemba 2014, ndio maana Golf yako inayo.

Swali: Niaje Fundi. Taa yangu haikai ikiwaka, inapepesa pepesa kama dakika moja nikiwasha gari halafu inabaki. Nimepima tairi ziko sawa zote. Gari nimeingiza mwaka jana. – *Msomaji, South B*

Jibu: Kupepesa ni lugha tofauti kabisa. Taa ikiwaka moja kwa moja inasema tairi haina upepo wa kutosha, ikipepesa dakika moja au moja na nusu halafu ibaki inasema mfumo wenyewe ni mgonjwa, sitaweza kukuambia kitu. Hapo sasa ndipo sensa inaweza kuwa imekufa kweli.

Betri ya sensa inaishi miaka 5 mpaka 10 hivi na haibadilishwi, imemiminiwa plastiki, ikiisha unanunua sensa nzima. Sasa fikiria sheria yetu inaruhusu kuingiza gari ya mpaka miaka 8. Gari inashuka bandarini na betri zake tayari ni za uzee. Mwambie fundi mwenye mashine asome ni gurudumu lipi halijibu kabla ya kununua chochote, na ukinunua uulize inazungumza masafa gani ya redio. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani ama Marekani kwa kawaida ni 315 MHz, za Ulaya ni 433. Ukiweka ya Ulaya kwenye gari inayoskiza 315 ni kama simu bila laini. Ikishawekwa lazima ifundishwe kwa kompyuta, usikubali kuambiwa itajijua yenyewe bila mtu kuthibitisha hapohapo.

Na ukienda kuziba pancha mwambie fundi mapema kwamba kuna sensa nyuma ya valvu, asiingize chuma upande huo. Nimeona nyingi zimevunjwa hivyo na mwenye gari hajui mpaka jioni. Zile dawa za kumiminwa ndani ya tairi pia nyingine zinaziba tundu la sensa, zitumie kwa dharura tu halafu tairi isafishwe ndani.

Swali: Mimi ni dereva wa teksi Umoja, Vitz yangu haina hiyo taa kabisa. Kirinyaga Road wanauza zile za kufunga mahali pa kifuniko cha valvu, na skrini ndogo ya sola ya kuweka dashibodi. Ziko na maana? – *Dereva*

Jibu: Ziko na maana ndugu yangu, na kwa kazi yako ya kutwa barabarani ningekuambia weka. Zinapima presha yenyewe na betri zake unabadilisha mwenyewe. Siku ya kwanza linganisha na geji nzuri, ikitofautiana psi 1 ama 2 kumbuka tofauti hiyo uende nayo. Ninachoogopa ni valvu. Hizo sensa zina uzito, na valvu ya mpira iliyozeeka ikichapwa na huo uzito gurudumu likizunguka inapasuka shingoni. Weka valvu mpya kwanza, bei yake ni ndogo. Halafu paka maji ya sabuni ukishafunga uone kama kuna povu. Na usiku gari ikilala nje zifungue uingie nazo ndani, manake kuzitoa ni kuzungusha vidole tu.

Swali: Ni kweli nikishuka Mombasa presha inabadilika bila kuvuja? – *Msomaji, Lang'ata*

Jibu: Kweli. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa ya huku ni nyepesi, ukifika pwani hewa ya nje inakuwa nzito na geji itasoma chini karibu psi 2 na nusu. Joto la pwani linarudisha sehemu ya hiyo. Pima asubuhi ya pili ukiwa huko kabla hujatoka, jaza kwa namba ya mlangoni, na kama gari imejaa watu na mizigo na stika yako ina namba ya pili ya mzigo mzito basi tumia hiyo. Spea ipime ukiwa bado Lang'ata, mifumo mingi haiiangalii.