Pedi ya pili inawaka lakini mchezo hauitambui

Kama pedi ya pili ya PlayStation (kifaa cha mkononi cha kuchezea) inawaka taa na bado mchezo wa mpira unaonyesha mchezaji mmoja tu kwenye ukurasa wa kuchagua upande, jambo la kwanza la kuchunguza ni akaunti, wala si pedi yenyewe. PlayStation 4 na PlayStation 5 huihusisha kila pedi na mtumiaji wake, kwa hiyo bonyeza kitufe cha PS kwenye pedi ya pili, na mashine itakapouliza ni nani anayeitumia, chagua akaunti tofauti na ile ya kwanza au ingia kama mgeni. Kwenye PlayStation 5 utajua imekubali pale vitaa viwili vyeupe vitakapowaka chini ya kibao cha kugusa, kwani kitaa kimoja ni cha mchezaji wa kwanza.

Baada ya hapo rudi kwenye mechi ya kirafiki. Alama ya pedi hiyo itakaa katikati ya ukurasa, na ni lazima mwenzako aisogeze mwenyewe kushoto au kulia, la sivyo mechi itaanza bila yeye.

Kuna kikwazo kingine ambacho kwa kweli huwasumbua wengi: pedi ya PlayStation 4 huungana na PlayStation 5 bila shida, lakini haichezi michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya PlayStation 5. Ikiwa ndiyo mliyo nayo, sakinisheni toleo la PlayStation 4 la mchezo huo, kama lipo.