Dumu la njano na mto wa Sangin

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Juzi mteja wangu mmoja, Mwingereza mzee kidogo aliyewahi kuwa askari, aliona dumu langu la njano limelala njiani. Akasimama ghafla, akalizunguka kwa mbali. Nilipomuuliza akataja neno moja tu: Sangin. Ni wapi huko?
Msomaji wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Sangin ni wilaya ya mkoa wa Helmand, kusini mwa Afghanistan. Askari wa Kiingereza zaidi ya 100 walifia huko kati ya 2006 na 2010.

Ukiiona kwenye ramani ni utepe wa kijani kando ya Mto Helmand. Ukivuka mashamba tu, unakanyaga jangwa. Maji yanatokana na theluji ya milimani, yanapita bwawa la Kajaki lililokamilika 1953, ndipo yanafika Sangin. Sisi tuna ziwa, ukitaka maji unashuka unachota. Kule yanakuja kwa mfereji, na shamba la juu hunywa kabla ya la chini. Kwa hiyo ardhi yenye maji inagombewa kweli kweli.

Wenyeji ni Wapashtuni, lakini usiwatie kapu moja. Baada ya 2001 madaraka ya wilaya yalishikwa na watu wa ukoo wa Alikozai. Wa Ishaqzai wakanyanyaswa na kuporwa, na wengi wao wakawapokea Taliban, wapiganaji walioipinga serikali. Wazungu walidhani wamekwenda kuilinda serikali, kumbe wamejiingiza katika ugomvi wa majirani. Hilo linaniuma hadi leo, maana wazee wa pale wangewaeleza.

Sasa dumu lako. Mabomu mengi ya kutegwa yalijazwa kwenye madumu ya njano ya mafuta ya kula, kama hayo yako. Yalikuwa na chuma kidogo mno, hata vifaa vya kutafuta mabomu vikayapita. Yalifukiwa njiani, mlangoni, kwenye kivuko cha mfereji. Askari alikanyaga, mtoto aliyefuata mbuzi naye alikanyaga.

Wamarekani walichukua nafasi ya Waingereza Septemba 2010. Machi 2017 makao ya wilaya yakachukuliwa na Taliban. Mwaka 2022 hao hao, wakiwa sasa watawala wa nchi, wakapiga marufuku kilimo cha afyuni, zao lililolisha nyumba nyingi za bonde lile, na ngano haimlipi mkulima kiasi hicho.

Mteja wako akija tena, lisogeze dumu ukutani kabla hajafika.