Nyimbo moja, rekodi ngapi?

Msomaji ameniandikia: "Mwalimu, mimi na wenzangu tunaorodhesha muziki kwenye hifadhidata. Kuna nyimbo moja tunayo mara nne: iliyorekodiwa studio, iliyopigwa laivu jukwaani, ile ya studio iliyokatwa iwe fupi kwa ajili ya redio, na ile ile ya studio iliyosafishwa sauti miaka mingi baadaye. Tuseme tuna nyimbo nne, rekodi nne au matoleo manne?"

Nitakujibu, ndugu yangu, ila kwanza nimalizane na "nyimbo moja". Hivi ungemwambia daktari "nyuso yangu imevimba"? Ungemwita fundi aje kuziba "nyufa moja"? Ni wimbo mmoja, nyimbo nne. Wimbo huu, nyimbo hizi. Neno limetokana na kuimba, likapata u- katika umoja na ny- katika wingi, kama uso na nyuso, ufa na nyufa. Basi. Najua kosa lilikoanzia: nyimbo inafanana sura na nyumba, na nyumba husema "hii" ikiwa moja na "hizi" zikiwa kumi, watu wakadhani hawa ni ndugu. Si ndugu, wamevaa kofia moja tu. Watangazaji wanatukaribisha tusikilize "nyimbo yake mpya", waimbaji wenyewe wanashukuru "nyimbo yangu" kupendwa, na juzi nimesikia "manyimbo". Nilizima redio.

Kwako wewe kosa hili ni zito kuliko kwa mtangazaji. Kazi yako yote ni kujua kipi ni kimoja na vipi ni vingi, nawe umeufuta mpaka huo kabla hujafika kwenye swali.

Tuje kwenye rekodi. Asili yake ya mbali ni Kilatini, neno la kukumbuka lililojengwa juu ya moyo. Sisi tulilipokea kupitia Kiingereza, tukalibebesha mizigo kama punda. Mwanariadha anavunja rekodi, santuri nayo tuliiita rekodi, na kila mstari wa hifadhidata yako ni rekodi. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika "rekodi ya rekodi hii ina makosa" bila kupepesa jicho. Ushauri wangu: sahani iitwe santuri, mstari uitwe ingizo, na rekodi ibaki kuwa sauti iliyonaswa. Wanaosema "rekodingi" sina muda nao leo.

Wimbo ni kile kilichotungwa. Rekodi ni sauti yake iliyonaswa safari fulani na kuchanganywa kwa namna fulani. "Malaika" ni wimbo mmoja. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaurekodi, Boney M. wakaurekodi, na wengine tele. Utungo ni ule ule, rekodi ni mbalimbali. Hata misimbo ya kimataifa ni miwili: ISWC ni ya utungo, na ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ni ya rekodi.

Sasa tuhesabu, kwa kanuni za MusicBrainz, ile hifadhidata ya muziki ya mtandaoni. Ya studio ni ya kwanza. Ya jukwaani ni ya pili, hata kama bendi ni ile ile na mwimbaji hakubadili neno. Iliyokatwa ni ya tatu: suruali ikikatwa ikawa kaptura, hilo ni vazi jingine. Ile iliyosafishwa sauti haihesabiwi peke yake, maana shati likipigwa pasi halizai shati la pili.

Toleo ni kile kilichotolewa kwa wasikilizaji: santuri, albamu, mkusanyiko. Rekodi moja yaweza kukaa katika matoleo kumi na ikabaki moja.

Mchunge pia huyu "umerudiwa". Wimbo ukirudiwa redioni jioni, ni rekodi ya asubuhi. Ukirudiwa na mwimbaji mwingine, ni rekodi mpya kabisa. Hapo Kiswahili chetu kimetuacha njia panda, nakiri. Andika "umerekodiwa upya na fulani", usimchoshe msomaji kwa kubahatisha.

Kwa hiyo una wimbo mmoja, rekodi tatu. Matoleo siwezi kukuhesabia, kwa kuwa hukusema sauti hizo umezitoa kwenye albamu zipi. Niandikie tena unitajie, na safari hii uandike "wimbo".