Usifukie mkaa mtupu shambani

Msimu wa kwanza niliyaharibu mahindi kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisikia mkaa wa maganda ya mpunga unatengeneza udongo, na hapa Ifakara maganda hayanunuliwi: kila mashine ya kukoboa ina kichuguu chake pembeni. Nikachoma, nikamwaga viroba vinne kwenye kipande kimoja, nikapanda. Mahindi yalifika magotini yakageuka njano, na mvua ilikuwa inanyesha vizuri tu.

Kosa langu lilikuwa hili: mkaa mpya una vitundu vingi visivyo na chakula chochote. Ukiufukia hivyo hivyo, unakamata hata kile chakula kidogo cha mmea, yaani naitrojeni, kilichokuwemo udongoni, mmea unakosa. Lazima ushibishwe kabla haujaingia shambani.

Mimi naushibisha kwa mkojo. Najua utacheka, mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, mboga hizo mtakula wenyewe." Lakini piga hesabu. Mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mtu mzima hutoa takribani kilo 2 hadi 4 kwa mwaka kwenye mkojo wake, kutegemea anachokula. Sisi watu wazima ni saba, kwa hiyo karibu mfuko mzima ulikuwa unaishia chooni. Mwaka 2022 mfuko ulipopita shilingi laki moja, ndipo niliacha kuona aibu.

Kuchoma ni rahisi ila usiondoke. Toboa debe kuukuu matundu mengi, lifunike juu ya moto, chomeka bomba la kutolea moshi juu yake, kisha lundika maganda kulizunguka. Yanaungua kutoka ndani kuja nje. Weusi ukianza kutokeza juu, geuza kwa koleo. Karibu yote yakiwa meusi, mwagia maji mengi mara moja. Ukienda kunywa chai utakuta majivu ya kijivu, na majivu si mkaa. Magunzi pia yanafaa, lakini itabidi uyatwange. Yaloweshe kwanza, vumbi lake linakaba kifua.

Mkaa ukipoa, utie kwenye pipa lenye mfuniko na umiminie mkojo mpaka ulowe bila kuogelea. Mfuniko ndio siri yenyewe. Msimu wa pili niliacha beseni wazi juani, majirani wakalalamika harufu. Ile harufu kali ni amonia, yaani naitrojeni yangu ilikuwa inapaa kwenda zake. Siku hizi nafunika, naacha wiki mbili, kisha nachanganya na samadi iliyokwisha kuoza, mkaa sehemu moja kwa samadi sehemu mbili.

Kwenye shimo naweka konzi moja, natia udongo juu yake, ndipo mbegu. Isigusane na mbegu, chumvi ya mkojo inaiunguza. Na kama udongo wako una magadi, achana na jambo hili kabisa, maana mkaa una majivu na utauzidishia tatizo.

Kuhusu afya, anayetumia dawa kali simwekei dumu la kukusanyia mkojo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2006, linaruhusu familia kutumia mkojo wake kwenye mazao inayokula yenyewe, mradi upite mwezi mmoja kati ya kuweka mbolea na kuvuna. Mahindi hayana shida hapo. Mchicha unang'olewa mapema mno, kwa hiyo tuta lake naliandaa wiki kadhaa kabla ya kusia. Ukitaka kuuza sokoni, au kukusanya mkojo wa nyumba nyingi, usitumie utaratibu wangu huu. Mkojo wa namna hiyo unahitaji kuhifadhiwa kwa miezi.

Sijaacha dukani moja kwa moja. Mbolea ya kupandia sinunui tena, lakini mahindi yakifika kiunoni bado nakuzia na urea, nusu mfuko pale nilipokuwa naweka mzima.