Msikimbilie Kuzika Kabla Maiti Hajachunguzwa

Juma lililopita msomaji mmoja wa Kisauni aliniandikia. Kakake amekutwa amekufa chumbani, wazee wanataka azikwe kabla ya laasiri, na minong'ono ya sumu imeshazagaa mtaani. Anauliza wakubali apasuliwe? Kubalini. Tena muombe wenyewe.

Mjomba wangu alikutwa alfajiri, amelala chali sebuleni. Mkewe alikuwa harusini Likoni. Alipovuka feri asubuhi alikuta nyumba imejaa watu na macho yote yanamtazama yeye. Jirani akaapa kwamba saa tisa usiku alimsikia mjomba akigombana na mwanamke. Basi ikawa ndiyo hadithi: mke alirudi kwa siri, akaua, akaenda zake ngomani. Wazee wakasema maiti asicharangwe, apelekwe makaburini Kikowani, ya mke yatajulikana baadaye. Nilikataa. Niliambiwa sina adabu, mbele ya mamangu mzazi, na sikutoka mlangoni mpaka polisi walipofika. Kuharakisha mazishi ni sunna, nami ni Mwislamu, lakini mjane kuzuliwa mauaji pia ni dhulma.

Mpelelezi alimgeuza mjomba, akabonyeza kwa kidole gumba ile rangi ya zambarau mgongoni. Haikufifia. Moyo ukisimama, damu hutuama upande wa chini wa mwili. Mwanzoni ukiibonyeza hufifia, lakini muda wa saa 8 hadi 12 ukipita, haiondoki tena. Halafu akajaribu taya, shingo, viwiko, magoti. Vyote vimekakamaa. Kukakamaa huanza usoni muda wa saa 2 hadi 4 baada ya kifo, huenea mwili mzima kwa takriban saa 12, na joto kama la kwetu huharakisha. Kupima joto la mwili, linaloshuka kutoka nyuzi 37, hapa Mombasa husaidia kidogo tu, kwani chumba chenyewe kinakaribia nyuzi 30.

Kwa hiyo daktari hakutaja saa kamili. Alisema kati ya magharibi na saa tano usiku, na mimi namheshimu kwa hilo; anayekutajia mpaka dakika usimwamini. Saa tisa alizoapa jirani, mjomba alikuwa ameshakufa kitambo, na mkewe alikuwa ukumbini mbele ya wanawake chungu nzima.

Mochari walifungua moyo wakakuta mshipa umezibwa na bonge la damu. Sampuli za damu, mkojo, ini na vilivyokuwa tumboni zilipelekwa kwa Mkemia wa Serikali, hazikuonyesha sumu. Mkaza mjomba akaachwa huru. Waliomwita muuaji hawajamwomba radhi hadi leo, na tunakutana nao kwenye kila arusi.

Kuna wanaosema chanzo cha kifo hujulikana kwa macho. Kumbukeni Shakahola mwaka 2023, ule msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka kufa. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na kila mtu alishasema ni njaa. Madaktari waliokuwa na Dkt. Johansen Oduor, wakati huo mkuu wa wapasuaji maiti wa serikali, waliikuta njaa kweli, lakini wakakuta pia miili yenye dalili za kukosa hewa na kupigwa, wakiwemo watoto. Bila kupasuliwa, waliouawa kwa mikono wangehesabiwa na waliofunga.

Basi shikeni haya. Maiti asioshwe, asibadilishwe nguo, taya lisifungwe kabla polisi hawajaja. Andikeni nani alimwona mwisho, alikula nini na saa ngapi, maana chakula kilichobaki tumboni nacho husema. Kumbukeni feni ilikuwa inawaka au imezimwa, dirisha wazi au limefungwa, na kama palikuwa na jiko la makaa ndani: hewa yake ya sumu, isiyoonekana, huua bila jeraha, na mara nyingi ngozi hubaki na wekundu usio wa kawaida. Mkiweza, tafuteni daktari wenu asimame karibu na wa serikali. Na hakikisheni sampuli zimechukuliwa kabla hamjapewa maiti, kwa sababu mkishafukia kaburi, kulifukua kunataka amri ya mahakama.