Anko, ile paki ya skeitibodi ya ufukweni nani aliijenga?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nakaa Kigamboni, kila nikishika simu nakutana na video za skeitipaki ya Venice Beach kule Los Angeles, zege limekaa katikati ya mchanga na bahari hii hapa. Kuna mshkaji ananibishia eti serikali ya kule iliijenga zamani ndo watu wakaanza kujifunza kuskeiti. Mi nakataa. Tuamulie. – Mbishi wa Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeshinda, mwambie akununulie mihogo Coco. Paki ilifunguliwa tarehe 3 Oktoba 2009, juzi tu hapo, wakati watoto wa mitaa ile walikuwa wanaskeiti tangu miaka ya 1970 na kufukuzwa juu yake.

Iko hivi. Mpakani mwa Venice na Santa Monica palikuwa na paki ya mabembea na burudani imejengwa juu ya maji, Pacific Ocean Park, ikafungwa 1967 ikaachwa inaoza. Nguzo zimezagaa baharini, vyuma vinaning'inia, na vijana wa pale ndo humohumo walikuwa wanateleza na mawimbi, ukikosea umebamiza nguzo. Sasa mawimbi mazuri ni ya asubuhi tu, mchana bahari imelala, kwaiyo wanahamia kwenye bodi za matairi wanacheza vilevile kama wako majini, wamechuchumaa chini kabisa mkono unagusa lami. Kilichowabeba ni matairi ya polyurethane, aina ya plastiki inayonesanesa kama mpira, yaliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yale ya zamani ya chuma na ya udongo mgumu yalikuwa yakikutana na kokoto yanakwama, bodi inabaki we unaendelea na safari peke yako.

Duka la bodi la Zephyr likaunda timu, Tony Alva, Jay Adams, Stacy Peralta, na msichana mmoja tu, Peggy Oki. Mwaka 1975 wakaenda mashindano ya skeiti ya Del Mar, hukohuko California, wenzao wanacheza wamesimama wima kwa adabu zote, hawa wakaja na mtindo wao wa kuchuchumaa, majaji wakabaki wanatazamana. Afu 1976 na 1977 California ikapigwa na ukame, mabwawa mengi ya kuogelea majumbani yakaachwa bila kujazwa, na hapo ndo utundu wenyewe ulipo: wanaruka ukuta wa watu, wanatoa maji machafu yaliyobaki kwa pampu na ndoo, wanafagia, wanaskeiti humohumo ndani, mmoja anawekwa nje kuangalia polisi. Yale mashimo ya duara unayoyaona kwenye video yametokana na mabwawa hayo ya kuibia.

Baadaye waskeiti wa Venice wakahamia kwenye jumba bovu la burudani palepale ufukweni, limejaa michoro ya rangi, mpaka nalo likabomolewa karibu na mwaka 2000. Miaka yote hiyo watu wazima, wengine waliokulia kwenye bodi, wanasumbua halmashauri ya jiji wapewe sehemu yao. Mmoja wao, Jesse Martinez, hata baada ya paki kufunguliwa ndo alikuwa anaamka alfajiri kufagia mchanga na kusafisha uchafu kabla watoto hawajafika. Binafsi huyo namheshimu kuliko wenye medali. Na 2020 wakati wa korona jiji likamwaga mchanga kujaza mashimo yote ili watu wasikusanyike, sasa fikiria mtu aliyezoea kuutoa kwa fagio anaona umeletwa kwa mashine!

SWALI: Anko habari za kazi. Kijana wangu wa darasa la sita ameng'ang'ania bodi, mi naona ni uhuni, anashika nyuma ya bajaji anavutwa barabarani. Nimkataze? – Mama wa Temeke

JIBU: Salama mama. Bajaji kataza leo hii, hapo hakuna mjadala. Bodi mwachie, ila anunuliwe helmeti. Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 ndo skeitibodi ilichezwa mara ya kwanza, na dhahabu ya mtindo wa mtaani kwa wanawake ilienda kwa Momiji Nishiya wa Japani, mtoto wa miaka 13.

SWALI: Anko mambo vipi, sisi tuko kama kundi hivi, tukichangishana tunaweza kumwaga zege letu ufukweni? – Washkaji wa Msasani

JIBU: Poa wanangu. Kampala, pale Kitintale, vijana walijijengea uwanja wao kati ya nyumba za watu karibu na mwaka 2006, kwaiyo inawezekana. Ila ufukweni mtaumia. Kwanza eneo lina wenyewe, anzeni serikali ya mtaa. Pili chumvi inapenya kwenye zege jembamba inakula nondo, zinavimba, zege linapasuka, mnatakiwa kuzifunika nondo vizuri kabisa na fundi asiwaibie saruji. Tatu shimo likikosa njia ya kutolea maji, masika ikifika mnafuga vyura. Mi ningetafuta kiwanja cha ndani kidogo, nianze na sakafu tu iliyopigwa niru ikakolea, mashimo baadaye. Na mkienda kucheza beach, bodi zikirudi toeni bering mzifute na kuzitia oili usiku uleule, mkisubiri wikiendi mtakuta zimeshika kutu.