Mihadhara ya sayansi na matembezi ya maumbile Mombasa: tazama maji kabla ya kutazama bango

Dada aliyefungua uzi huu ameuliza hivi: amehamia Mombasa kutoka bara, ana watoto wawili, mmoja kashikwa na wadudu na mwingine na nyota. Anataka kujua kama huku kuna mihadhara ya sayansi ya watu wa kawaida na matembezi ya kuongozwa, na kama vina maana au ni kupoteza Jumamosi bure. Walionitangulia wamemjibu "nenda Haller Park", ile bustani ya wanyama ya Bamburi, wakaishia hapo. Haller Park ni pazuri, nitafika huko, lakini kwa mji uliozungukwa na maji jibu hilo halitoshi.

Dada yangu, karibu. Mimi ni mtoto wa Tudor, na shughuli hizi nimezifuata muda mrefu: nilianza kama msikilizaji, nikawa mbeba ndoo na kamba za kupimia, na siku hizi vijana wa mtaani hunishika niwaongoze wenyewe. Ushauri wangu wa kwanza hauhusu kikundi chochote wala kiingilio. Ukiona tangazo la matembezi ya baharini au ya mikokoni, kabla ya kuuliza bei, uliza maji siku hiyo yatakuwaje.

Nieleze kwa nini. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kilele chake siku moja au mbili baadaye. Wazee wa kwetu hawahitaji jedwali, wanahesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu tu: mosi na kumi na tano, bamvua, saba-nane na ishirini na mbili hivi, maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Bahati yetu ni kwamba bamvua la Mombasa hukupwa mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa mwendo wa saa kumi jioni. Kwa hiyo mwamba wa baharini unabaki nje ya maji wakati watoto wameshakunywa chai na jua halijawa kali mno. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika hamsini, na baada ya wiki moja ule wakati wa asubuhi uliokuwa mkavu unakuta maji tele.

Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, kilitangaza matembezi ya kuangalia viumbe wa mwamba saa tisa alasiri, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Tulilipa, tukafika, bahari imejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Tukasimama kwenye mchanga tunaonyeshwa picha za kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, kwenye karatasi. Kiongozi alikuwa msomi kwelikweli, ila aliyepanga saa hakuwahi kumuuliza mvuvi hata mmoja. Tangu hapo kipimo changu cha mwandalizi ni hicho: saa ya kuanza ikilingana na maji, huyo anajua kazi. Ikiwa kila mwezi ni "Jumamosi ya kwanza, saa tatu", basi anafuata kalenda ya ofisi.

Sasa mahali. Hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, iko mbele ya fuo za Nyali na Bamburi, chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na tiketi hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo usiende na noti mfukoni ukidhani utamalizana na mtu getini. Wavae viatu vya zamani vya raba, si champali, maana kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi (kwa Kiingereza, sea urchins) na kuna samaki-jiwe. Konokono wa umbo la pia mwenye ganda zuri asiokotwe hata kama anaonekana amekufa, ana sumu. Kiongozi mzuri atakataza kukanyaga matumbawe na atakataza kubeba makombe nyumbani. Anayewaokotea watoto "zawadi" mwondokee.

Na hapo mwambani ndipo mhadhara na matembezi vinapokutana. Nakumbuka mazungumzo ya jioni ambapo mtafiti alikuwa akieleza samaki wa miamba kwa picha na michoro, kwa Kiingereza, watu wakipiga miayo. Ukaja wakati wa maswali. Mvuvi mmoja mtu mzima akauliza kwa Kiswahili: mbona sehemu tunazovua sana hao viumbe wa miiba wamekuwa wengi kuliko tulipokuwa wadogo? Mtafiti akaacha michoro yake akageukia Kiswahili. Akasema ni kwa sababu ya samaki aitwaye kikande. Kikande ndiye anayewavunja na kuwala hao wa miiba; akivuliwa akaisha, wanazaana, wanaukwangua mwamba usiku na mchana hadi matumbawe yanakonda. Mtafiti wa matumbawe Tim McClanahan na wenzake wamelifuatilia jambo hilo kwenye miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa, wakilinganisha hifadhi na maeneo yanayovuliwa. Yule mvuvi akajibu, "Basi ndiyo maana ndani ya hifadhi huchomwi ovyo." Ukumbi ukaamka. Kwa hiyo usiondoke kabla ya maswali, hata kama saa moja ya kwanza imekuchosha. Na waulize waandalizi mapema kama maswali kwa Kiswahili yanaruhusiwa. Wengi watakuambia ndiyo, na wengine itakuwa mara yao ya kwanza kulifikiria.

Mihadhara yenyewe haina ratiba ya mwaka mzima iliyobandikwa mahali pamoja, hilo tukubali. Ila kuna siku ambazo taasisi hufungua milango, na ukizijua hutahangaika: 2 Februari, siku ya ardhioevu, 8 Juni, siku ya bahari, 26 Julai, siku ya mikoko, na Jumamosi ya tatu ya Septemba, usafishaji wa fuo duniani. Karibu na tarehe hizo angalia kurasa za KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoanzishwa mwaka 1979 yenye makao makuu hapa hapa Mombasa, pia chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa (TUM) kilichoko Tudor, makumbusho ya Fort Jesus na Swahilipot, kituo cha vijana cha teknolojia na sanaa. Usafishaji wa fuo ni kazi ya jasho, sikufichi, lakini ndipo nilipofahamiana na watafiti wengi kuliko kumbi zote. Mtu mnayeokota naye chupa humwogopi kumuuliza swali la kijinga.

Kwa huyo mtoto wa wadudu, sasa ndiyo Haller Park. Machimbo yale ya mawe ya saruji ya Bamburi yalikuwa jangwa jeupe mpaka mwaka 1971, René Haller alipoanza kujaribu miti ya kila namna kwenye mwamba usio na udongo. Mvinje ndio uliokubali, kwa sababu mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Lakini majani yake yaliyokauka hayakuoza, yakajirundika. Aliyeikwamua kazi ni jongoo, huyu huyu mwekundu mweusi tunayemrukia uani wakati wa mvua. Waliletwa majongoo, wakala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo huo ndipo msitu ulipoota. Sasa ukifika, kiongozi atataka kukusimulia Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 na urafiki wake na kobe Mzee. Hadithi tamu, msikilize. Kisha mwambie mtoto aulize habari za jongoo. Nimeona viongozi wakichangamka kabisa kwa swali hilo, kama watu waliochoka kuulizwa la kiboko tu.

Mikoko nayo imetuzunguka: Tudor, Mikindani, Jomvu. Kenya ina aina tisa, na mtoto akishika tatu kwa siku moja inatosha. Ule unaoitwa mkoko hasa unasimama kwa mizizi kama miguu ya buibui na kuzuia chumvi isipite mizizini. Mchu huinyonya kisha huitema kupitia majani. Lambeni jani muone. Mlilana hukaa mbele kabisa, majini. Ile harufu ya yai viza kwenye tope si uchafu wa mji, ni bakteria wanaoishi pasipo oksijeni wakitoa haidrojeni salfaidi, na hiyo ndiyo sababu mchu huchomoza mizizi midogo juu ya tope kama penseli ili upumue. (Baadhi ya harufu za kwetu Tudor ni uchafu wa mji, hiyo nayo tusidanganyane.) Kwa mtumbwi nendeni maji yakiwa yanajaa, kwa miguu nendeni yakiwa yamekupwa, na kwa kutazama ndege, hasa kati ya Oktoba na Aprili ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia wanapokuwa huku, nendeni maji yanapoanza kurudi, kwa kuwa yanawasukuma ndege karibu nanyi.

Ukiweza kuvuka Likoni, Gazi ndiko kwenye mpango niupendao zaidi. Kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko na wao ndio waongozaji. Tangu mwaka 2013 kijiji huuza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wa hekta 117, na mapato yameingia kwenye maji na shule. Hapo mtoto haoni mti tu, anaona hesabu yake. Njiani kuna Kaya Kinondo, moja ya misitu ya Mijikenda iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Utafungwa kaniki, hutachukua hata jani, na kiongozi ni mtu wa kaya mwenyewe. Sheria zao zifuateni bila mjadala.

Kwa asiye na nauli ya safari hizo kuna tembezi la bure. Nendeni chini ya ukingo wa Mama Ngina au kwenye kuta za Mji wa Kale, mkatazame jiwe kwa karibu. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliokuwa hai miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Wareno walipojenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 walitumia jiwe hilo hilo. Mtoto akiambiwa "tafuta tumbawe ukutani" hatataka kuondoka, kisha mnakula mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili.

Bado yule wa nyota. Nyali na kisiwani taa zimezidi, jaribuni kutoka kuelekea Kikambala usiku usio na mwezi. Jioni ya nyota iliyonikaa kichwani ni ile ambayo nahodha mstaafu alitoa usemi wa zamani, "Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," na mwalimu wa fizikia akaufafanua pale pale: mwezi wa Mei jua hupita karibu na Kilimia, kile kishada cha nyota, tunakipoteza wiki kadhaa, na Mei kwetu ni kilele cha masika, kikirudi alfajiri Juni, mvua zimepungua. Mabaharia walikuwa na kalenda hiyo kabla hatujajengewa kumbi. Tena mwambie mtoto kwamba setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka pwani hii, Ngomeni upande wa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu.

Kuna jambo jingine lisilohitaji darubini. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini kabisa: karibu na 10 Machi, mwendo wa saa sita na nusu mchana, na karibu na 3 Oktoba, mwendo wa saa sita na dakika kumi. Simamisha chupa uani, kivuli chake kitajificha chini yake. Ya Oktoba inakaribiana na wiki ya anga ya dunia, tarehe 4 hadi 10, kwa hiyo shule ya watoto wako ina sababu tosha ya kuifanya. Mkamate mwalimu wa sayansi mapema, Septemba, kabla mitihani haijawazonga.

Ukitaka kuanza mwezi huu huu: tazama mwezi uko wapi, chagua asubuhi iliyo karibu na bamvua, uwaulize wavuvi wa ufuo ulio karibu nawe saa ya kupwa, ufike saa moja kabla. Maji yakishageuka msisubiri picha ya mwisho, rudini mchangani, maana huanza kurudi kupitia mifereji ya nyuma yenu.